Chakula cha Haraka na Kanzu ya Ijumaa

Yule dada wa kwenye video anasema dakika kumi na tano. Anasema huku anacheka, kucha zimepakwa rangi, jiko lake jeupe pee, nyama ishakaangwa, kitunguu kishakatwa, chizi ishaparuzwa imo bakulini. Vyote hivyo nikifanyiwa na mtu mwengine, mie hata biriani nakupikia kwa dakika kumi na tano.

Video yenyewe kanionesha kijana wangu wa kidato cha pili. Unachukua mkate mwembamba wa duara, wenyewe Mexico wanauita tortilla, unaukata mara moja tu kutoka katikati mpaka ukingoni. Kisha unaugawa kwa macho robo nne: hapa nyama, hapa chizi, hapa nyanya na kitunguu, hapa sosi. Unakunja robo juu ya robo mpaka kinabaki kipembe kimoja kinene, unakibandika kikaangoni na kukikandamiza mpaka nje kikauke kiwe kinalia mdomoni, na ndani chizi iyayuke. Mtindo huo ulizagaa TikTok mwanzoni mwa 2021. Kwangu mie, Chake Chake, umeingia juzi.

Mke wangu alikuwa Unguja, semina ya kikazi. Kushika nyumba akaja mama yake kutoka Konde. Kashuka kwenye gari ya abiria ya 602 na kapu la muhogo, kuku wawili hai na pasi yake ya mkaa, ile ya chuma yenye kijogoo cha kufungia kifuniko. Hasafiri bila ya pasi hiyo. Anasema pasi za umeme zinababua nguo na zinamfanya mtu mvivu.

Sasa mkwe wetu ni mtu wa heshima zake. Tokea aje alikuwa anapika yeye: muhogo wa nazi na papa, wali na mchuzi wa changu, ndizi mbichi za nazi. Kila usiku ananiletea sinia chumbani nile peke yangu, kisha anakaa uani, kimya, anasikiliza kama kijiko kinagonga sahani. Ukiacha wali kidogo, asubuhi unaulizwa kama una homa. Nikaona haya kutumikiwa na mama mtu mzima, basi Alhamisi nikatoka nikatangaza:

"Mama, leo pumzika. Chakula cha usiku napika mie."

Akaniangalia kwa muda.

"Mwanangu, unaumwa?"

Nyama haikunisumbua. Nilipata ya ng'ombe isiyo mfupa sokoni, nikasagisha, nikaikaanga na thomu, pilipili manga na bizari, nikamalizia na ndimu. Hapa sikufanya mchezo: nyama niliikausha mpaka maji yote yakaisha, nikaiacha ipoe. Nyama ya moto yenye maji ukiifunga kwenye mkate, mkate unalowa, na hapo hata ukiukandamiza kwa tingatinga hauwi mkavu.

Chizi ndiyo iliyonitoa jasho. Nilitaka mozzarella. Nimezunguka maduka, kila mwenye duka anafungua friji anatoa boksi lile lile la duara, vipembetatu vimevishwa karatasi ya fedha. Mie nasomesha kemia, siwezi kukaa kimya. Nikamweleza mmoja wao kwamba mozzarella inavutika kwa sababu protini zake zimeshikana kwa kalsiamu, ukiipasha zinanyooka nyuzi nyuzi. Hii ya pembetatu imetiwa chumvi za fosfeti au sitreti zinazoikamata ile kalsiamu, kwa hiyo inalainika na kutiririka lakini haivutiki. Mchakato tofauti kabisa. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu, nikutilie boksi moja au mawili?"

Mawili. Nimefika nyumbani, nimeweka mezani, nimekwenda kuvua viatu, narudi moja tupu. Nina watoto watatu na hakuna hata mmoja aliyekula chizi.

Kwenye mikate nikamwomba mkwe anisaidie. Nilitaka mikate ya kusukuma, lakini myembamba, isiyo tabaka.

"Isiyo tabaka? Ya kumpa nani, mgonjwa?"

Akasukuma anavyojua yeye, akapaka samli, akakunja, akazungusha, akasukuma tena, akachoma. Mikate mizuri, sitaki kumdhulumu. Ila mkate uliozungushwa namna ile una njia yake ndani. Kijana kautia kisu kutoka katikati mpaka ukingoni, kajaribu kukunja robo ya kwanza, mkate ukaanza kujifungua. Akavuta. Ukaendelea. Mwisho kasimama katikati ya jiko na utepe wa mkate unaomfika gotini, nyama yote chini, na wale kuku wawili wa Konde washaingia kufanya usafi.

"Mkate haukatwi kisu," akasema mkwe. "Nyie someni tu."

Hata hivyo akasukuma myengine, myembamba, bila ya kuzungusha, huku anasikitika. Tukakata, tukapanga, tukakunja. Akaja akakiinua kile kipembe cha kwanza, akakigeuza huku na huku karibu na dirisha.

"Sambusa."

"Si sambusa, mama. Hii namna yake nyengine kabisa."

"Pembe tatu, nyama ndani. Sambusa ya mvivu."

Nikakiweka kikaangoni, upande wa mkunjo chini ili ujifunge kwanza. Kikaanza kulia vizuri. Kisha moto wa gesi ukapungua, ukapiga chafya, ukazima. Mtungi mtupu. Na jiko la umeme halina habari, maana umeme ulishakatika tokea Magharibi. Pemba umeme unatujia kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010. Usiku ule uliamua kulala Tanga.

Nikamwona mkwe anatabasamu. Pale uani seredani yake ilikuwa inawaka zamani, makaa mekundu, na pasi pembeni ishajazwa inatoa moshi. Yule mama alipoona taa zimezima aliona ndiyo nafasi ya kunipigia pasi kanzu yangu ya Ijumaa. Nikahamishia kikaango kwenye seredani. Chini tumepata moto. Juu sasa, kitu cha kukandamizia? Yule dada wa kwenye video ana kikaango cha pili, kizito, cha chuma. Sie tuna sufuria za bati ambazo zikipulizwa zinaruka.

Kijana akaleta tofali.

"Umelitoa wapi?"

"Bandani. Kuku wanalikalia."

Likarudi bandani. Hapo mkwe akanyanyuka. Hakusema kitu. Akapangusa chini ya pasi kwa kitambaa, akachana kipande cha jani la mgomba, akakilaza juu ya kile kipembe, akaibandika pasi. Tssss! Harufu iliyotoka pale iliwafanya watoto wote watatu, wale wasiokula chizi, wasogee.

"Moto juu, moto chini," akasema. "Mnadhani mkate wa kumimina ulianza kuiva zilipokuja simu?"

Nikaona aibu kidogo, maana ni kweli. Makaa juu ya kifuniko na makaa chini ya sufuria ndivyo bibi zetu walivyooka miaka yote. Tofauti ni kwamba makaa ya mkwe yana mpini.

Na vilitoka! Vya rangi ya dhahabu, vikavu, ukiuma vinakatika kwa sauti, ndani nyama ya thomu na ile chizi imetawanyika kila mahali. Haikuvutika, kemia ni kemia, lakini nani alikuwa na habari ya kuvuta. Usiku ule mkwe hakuniletea sinia chumbani. Tulikula wote uani, kwenye mkeka mmoja, yeye amegeukia ukutani kidogo kwa haya. Akala cha kwanza, akala cha pili. "Hii sambusa imekaa," akasema.

Sasa nataka kueleza vizuri mie nilikuwa wapi, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Nilikuwa naosha vyombo. Shahidi ninaye. Nyuma yangu, majani ya mgomba yalishaungua mapema, na vile vipembe vya mwisho vilipigwa pasi kavu kavu, chuma kwa mkate, chizi inachuruzika pembeni. Walipomaliza, makaa yalikuwa bado mekundu, na mkwe si mtu wa kumwaga moto bure. Akatandika shuka, akatandaza kanzu yangu ya melea, akamwambia mdogo wa mwisho amulike kwa tochi ya simu. Mtoto akamulika. Kwa kiasi. Simu hiyo hiyo alikuwa anaangalia katuni.

Ijumaa nikatoka skuli nimechelewa. Nimefika nyumbani mbio, nimekoga, kanzu nimeikuta imetundikwa nyuma ya mlango, mbele imenyooka safi. Harufu ya nyama niliisikia, lakini nyumba nzima ilikuwa inanuka nyama, mpaka mapazia. Nikavaa kofia, nikatoka.

Msikitini nikapata nafasi safu ya tatu. Yupo paka pale, mweupe wa madoa, mzoefu, hana neno na mtu. Khutba imeanza, nasikia kitu laini nyuma ya kiuno. Nikajisogeza mbele. Naye akasogea. Nikajisogeza tena. Akaanza kulamba.

Na wakati wa khutba hakuna kusema. Hata mwenzio akisema, humwambii nyamaza. Kwa hiyo safu nzima ya nne ilikuwa inaona, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia. Nikasikia mtu anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Nikasikia mtoto anacheka na kufinywa. Paka analamba kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Khutba ilikuwa juu ya subira, sijui kama imamu aliniona.

Tulipotoa salamu, mzee mmoja nyuma yangu akaniwekea mkono begani.

"Mwalimu. Umekalia nini?"

Nikaivuta kanzu mbele niitazame. Kwenye makalio kabisa kulikuwa na pasi. Umbo lake lote, ukingo kwa ukingo, ncha imeelekea juu, rangi ya samli iliyoungua, na pale kwenye ncha punje mbili za nyama ambazo paka alikuwa bado hajazifikia.

Nje kwenye barza mambo yakawa makubwa. Mmoja akauliza kama sala yangu imeswihi. Wazee wakalikalia suala: chakula si najisi, mafuta ya ng'ombe aliyechinjwa si najisi, na paka naye mate yake hayanajisi. Sala imeswihi. Nilishukuru kwamba angalau kuna kitu kimoja ambacho usiku ule haukukiharibu. Kisha yule mzee wa kwanza akasogea karibu, sauti chini.

"Sasa hiyo nyama yenyewe, ilipikwaje?"

Nikaeleza. Kijana mmoja aliyewahi kukaa Unguja akadakia: "Hiyo si pizza ya Forodhani?" Nikamwambia hapana. Ile inatandazwa unga mwembamba, inatiwa nyama na kitunguu, inavunjiwa yai, inatiwa chizi na mayonezi, inakunjwa mraba na kukaangwa kwenye tawa. Hii haina yai na inakunjwa pembe. Akafikiri. "Basi pizza ya Forodhani iliyokosa yai." Na watu hawa ndio nasali nao.

Sijafika kona ya nyumbani, simu inalia. Mke wangu.

"Baba watoto, nimesikia umekwenda Ijumaa na chakula cha jana."

"Nani kakwambia?"

"Niko Unguja na nimeambiwa na watu watatu. Mama yuko wapi? Mpe simu."

Mama alikuwa uani na beseni, sabuni ya mche na ndimu, keshaipata habari kwa njia zake. Nilimweleza kwamba mafuta yakishapigwa moto yanaingia ndani ya nyuzi, hayatoki kirahisi. Akaniambia kama nayajua yote hayo, nikamate upande wa pili tukamue. Alama ilififia, haikutoka. Ukiitazama juani bado unaiona, na ncha yake.

Tumo katika kukamua, mtoto wa jirani akapiga hodi.

"Shikamoo bibi. Mama anasema, kama haina kazi, mumuazime ile pasi ya kupikia."

Mkwe hakuinua hata kichwa.

"Ipo pale mlangoni, ichukue. Mwambie nguo apige kwanza."