Sura ya tatu imelala kwenye bahasha ya kaki

Juzi kwenye warsha ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, mtoa mada alituambia dawa ya kujitilia shaka ni kujiamini. Akatusimamisha, kila mmoja amwambie aliye pembeni yake, "Nastahili kuwa hapa." Pembeni yangu alikuwa dada mmoja aliye mwaka wa tatu kwenye shahada ya miaka miwili. Aliyasema maneno yale macho yakiwa sakafuni.

Namfahamu. Sura ya tatu ya tasnifu yake iko kwa msimamizi tangu Machi. Septemba alipoifuatilia aliikuta palepale alipoiweka, ndani ya bahasha ya kaki, juu ya bahasha pana alama ya duara la kikombe cha chai. Gundi ilikuwa bado imeshika. "Nikajua tu nimeandika upuuzi," aliniambia. Bahasha haijafunguliwa, naye ameshajihukumu kwa kilichomo!

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Shahada ya kwanza ilikuwa na test, ilikuwa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, matokeo yanatoka. Hata sapu, mtihani wa kurudia, ni jibu: unajua umeanguka wapi, unarudi kusoma. Huku juu, ukishamaliza masomo ya darasani, unabaki na mtu mmoja tu wa kukwambia kama unaenda au umepotea. Huyo akinyamaza, ukimya unaanza kusema wenyewe. Mwezi wa kwanza unajiambia ametingwa. Wa pili unairudia kazi yako na kila aya inakuchefua. Mwezi wa nne ukimwona kwenye korido unageuza njia, kana kwamba wewe ndiye mwenye deni. Nimepita huko. Mama alikuwa akiniuliza kwa simu, "Mwanangu, hicho kitabu bado tu?" na nilifika mahali naiacha simu yake iite mpaka ikatike. Mama yangu mzazi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika mwaka 1978 kuhusu wanawake waliofaulu sana lakini wakiamini wamewadanganya watu na siku moja watagundulika. Hawakusema ni ugonjwa. Sisi ndio tumeigeuza hali hiyo kuwa kasoro ya mwanafunzi, kisha tunamwandalia warsha. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilitoa utafiti uliohoji watu 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 39 walionyesha dalili za sonona za kiwango cha kati hadi kikali. Walijitokeza wenyewe kujibu, kwa hiyo huenda wenye maumivu ndio waliokuwa wengi, sawa. Lakini utafiti huohuo uliwauliza pia kuhusu wasimamizi wao, na waliokuwa na hali mbaya ndio hasa waliokosa wa kuwaongoza.

Ada nayo inatesa. Na kufikiri kwa Kiswahili huku ukitetea hoja kwa Kiingereza mbele ya jopo kunamfanya mtu mwenye akili zake aonekane mzito. Hayo yanahitaji siku yake.

Nitaambiwa wahadhiri wamezidiwa. Ni kweli, nimewaona wakibeba mafurushi ya mitihani kupeleka nyumbani. Ila ujumbe wa "Nimeipata, nitaisoma baada ya mitihani" haumalizi dakika moja, na kwa anayeusubiri ni usiku mzima wa usingizi. Idara iweke muda wa mwisho wa kurudisha sura, uandikwe, na ukipita mwanafunzi awe na mahali pa kwenda bila kuogopa kuonekana mkorofi. Tukishakuwa na hilo, nitakuja kwenye warsha ya kujiamini na nitasimama kwa moyo mmoja.

Jumatatu yule dada anarudi ofisini kwa msimamizi wake. Hataomba radhi kwa usumbufu, tumekubaliana, ataomba tarehe. Mimi nitakuwa nje kwenye benchi, namsubiri.