Ukipenda, Chongo Huita Kengeza? Majitu ya Sanamu na Macho Yetu

Lilipoinuka lile jitu la shaba, mpwa wangu alichukua rimoti. "Mjomba, bando linakwisha? Mbona inakwamakwama?"

Tulikuwa nyumbani kwa dada yangu, Ng'ambo, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tukitazama Jason and the Argonauts, filamu ya 1963. Bando lilikuwa zima. Jitu lenyewe, Talos, ndivyo linavyokwenda: shingo inageuka kwa vituo, goti linakunjika kama mlango wenye bawaba za kutu. Mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyezoea mazimwi ya kompyuta yanayoteleza kama samaki majini, aliona hitilafu. Mimi nilikuwa naona kitu ambacho hakijanichosha tangu nilipokikuta kwenye kanda ya video ya kukodi, zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Nani kati yetu anaona sawasawa? Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza, na katika filamu hizi za kale za majitu ya sanamu yanayosogezwa kwa mkono, jitu la jicho moja lipo hasa, lile linalomwandama Sindibad katika The 7th Voyage of Sinbad ya 1958. Wanaodai kwamba mapenzi yetu kwa filamu hizi ni kumbukumbu za utotoni tu wana hoja, na nitaieleza bila kuipunguza. Lakini kwanza tujue kitu chenyewe hufanywaje.

Fundi wa filamu hizo mbili ni Mmarekani Ray Harryhausen, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920 na kufariki London mwaka 2013. Alijenga sanamu ndogo yenye mifupa ya chuma na viungo vinavyozunguka, akaivika nyama ya mpira. Kisha aliisogeza sanamu kidogo, akapiga picha moja, akaisogeza tena, akapiga nyingine. Sekunde moja ya sinema inakula picha 24. Waigizaji walikuwa wameshapigwa filamu zamani, wakirusha panga hewani mahali pasipo na mtu. Picha yao ilioneshwa kwa nyuma, moja moja, kwenye kiwambo kidogo, sanamu ikasimamishwa mbele yake, na sehemu ya picha ikazibwa ili ipigwe baadaye. Hapo jitu likaonekana limesimama katikati ya watu, si mbele yao.

Pambano la mifupa saba, yaani viunzi saba vya mifupa ya watu vyenye panga, mwishoni mwa filamu ya 1963 ndilo lililompa jina kubwa zaidi. Watu watatu wanapigana na mifupa saba. Kila mfupa una kichwa, mikono na miguu ya kusogezwa, kwa hiyo kabla ya kila picha fundi alikuwa na miondoko 35 ya kuiweka sawa, na kila mmoja ulingane na upanga wa mtu aliyekwisha kupigwa filamu. Siku nyingine alipata picha 13 au 14 tu, yaani nusu sekunde. Kazi hiyo ya dakika chache ilimchukua miezi minne na nusu. Na mmoja wa mifupa hiyo saba ndiye yule yule aliyepigana na Sindibad mwaka 1958.

Sasa ile hoja ya upande wa pili. Ukiondoa majitu, filamu hizi hazina mengi. Waigizaji husimama kama wanaosoma tangazo. Katika ile ya 1958 binti mfalme anapunguzwa na mchawi hadi kimo cha kidole, na sehemu kubwa ya filamu anabebwa ndani ya kisanduku. Nimeitazama na dada yangu, naye alisema yule si mtu, ni mzigo. Sikuwa na jibu. Hadithi ni kamba tu ya kutungia shanga, na shanga ni yale majitu.

Kwa sisi wa visiwani lipo jingine linalouma zaidi. Sindibad ni baharia wa bahari yetu. Bahari iliyozaa hadithi zake ndiyo hii ya kaskazi na kusi. Waandishi wa Kiarabu wa karne ya 10 walikitaja kisiwa cha Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wa mambo ya kale wanakihusisha na Pemba, na magofu ya Ras Mkumbuu hutajwa sana katika mjadala huo. Mmoja wao, Al-Masudi, mwenyewe alisafiri baharini kutoka Qanbalu kwenda Oman. Ndege Rukh, lile dege kubwa la hadithi za Sindibad, msafiri Marco Polo wa Venisi alisikia habari zake akazihusisha na visiwa vya upande wa Madagaska, ambako kweli aliishi ndege mkubwa asiyeruka, na mayai yake, yenye urefu wa zaidi ya sentimita 30, bado yanaokotwa. Lakini Sindibad wa sinema ni kijana wa Kimarekani anayetembea ndani ya kasri la Alhambra, Hispania, na Rukh wake ameongezewa kichwa cha pili ili ashangaze zaidi. Katika filamu ya Sindibad ya 1973, Kali, ambaye majirani zetu Wahindu wa Mjini Mkongwe wanamwabudu, amegeuzwa sanamu ya vita ya mchawi, panga mikono yote sita. Ufundi wa tukio hilo ni wa ajabu. Heshima haimo.

Kwa hiyo anayesema "hizi si filamu nzuri" sitashindana naye. Nashindana na yule anayesema kwamba kinachotushika ni utoto tu. Kama ni utoto, ungetushika sawa kwa kila kitu tulichokitazama tukiwa wadogo. Kanda nyingine nilizokodi siku zile, hata majina sikumbuki.

Turudi kwenye ule mkwamo aliouona mpwa wangu, kwa sababu jicho lake lilikuwa sahihi. Mtu anapopunga mkono mbele ya kamera ya sinema, kila picha inaunasa mkono ukiwa mbioni, kwa hiyo unatoka na ukungu kidogo. Sanamu inapigwa picha ikiwa imetulia tuli. Kila picha ni kali, haina ukungu, na jicho likiziona mfululizo linahisi vituo. Mafundi waliomfuata Harryhausen waliliona tatizo hilo, wakabuni njia ya kuitikisa sanamu kwa mota wakati picha inapigwa. Kisha 1993 zikaja dainosari za kompyuta za Jurassic Park, na mafundi wa sanamu waliokuwa wameitwa kwa kazi ile wakabaki kuwaelekeza watu wa kompyuta jinsi mnyama anavyokanyaga.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wenzangu pia. Wao husema mkwamo ule ni mzuri popote. Si kweli. Mnyama anayeishi, paka mkubwa au ndege, akienda kwa vituo anaonekana mwanasesere, na kompyuta imemzidi fundi huyo kwa mbali. Lakini tazama vitu ambavyo Harryhausen anakumbukwa kwavyo: mtu wa shaba, mifupa iliyoota kutoka ardhini, mungu wa mawe, na katika ile filamu ya 1973 sanamu ya mbao ya omo ya jahazi inayojing'oa na kutembea. Vyote ni vitu visivyo na roho. Shaba ikitembea, itatembea vipi kama si kwa vituo? Mfupa usio na misuli utanyanyua upanga vipi? Pale kasoro ya mbinu na maumbile ya kitu yanakutana, na mwili wako unasisimka kwa sababu unaona kitu kilichopaswa kulala kimeamka. Kompyuta inaweza kuichora mifupa ile leo kwa wororo kabisa, na wororo huo ndio unaoiondolea umauti wake.

Lipo na hili la mkono. Katika King Kong ya 1933, kazi ya Willis O'Brien, manyoya ya sokwe yanatikisika mwilini bila upepo. Ni vidole vya fundi, vilivyoyagusa kila baada ya picha. Ni kosa, na halikusahihishwa. Harryhausen aliiona filamu hiyo akiwa bado mtoto wa skuli ikamgeuza maisha yake. Anayejua kutazama mlango wa Kizanzibari anaelewa: nakshi mbili za fundi mmoja hazilingani kamwe, na hapo unapojua kwamba mtu alikaa na patasi. Nakubali kwamba hoja hii ina mpaka. Kuona jasho la fundi si sawa na kuguswa na hadithi, na mtu ana haki ya kutaka vyote viwili.

Ningepewa usiku mmoja Ngome Kongwe na kiwambo kikubwa, nisingeonesha filamu nzima hata moja. Ningeonesha Talos akiinuka, kisha mifupa saba, bila kukata, na watu warudi majumbani. Sindibad ningemwacha mpaka tumtengeneze wenyewe, na jahazi lenye tanga la kweli, na Rukh mwenye kichwa kimoja.

Mpwa wangu hakuipenda filamu. Katikati alirudi kwenye simu yake, na mazungumzo ya wafalme yalimpita. Mifupa ilipoanza kuchomoza akaiweka simu chini, akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijamsikia akiliuliza juu ya zimwi lolote la kompyuta: "Nani alikuwa anawasogeza?" Nikamweleza. Siku ya pili alikuja na bonge la udongo wa vyungu, amefinyanga kaa, anataka kumpiga picha kwa simu. Magamba yalikuwa yameshaanza kupasuka kwa kukauka, na mguu mmoja ulikatika alipoujaribu kuusogeza. Tumekubaliana tutafute waya wa ndani na mpira wa kumvika.