Safari Moja, Kutua Mara Tatu

Mafundi wa ndege tuna mazoea mabaya: mwanafunzi akirushwa peke yake kwa mara ya kwanza, tunatoka nje na rolex mkononi kumwangalia akitua. Siku hiyo nilikuwa nimefika katikati ya ile chapati yake ya mayai.

Cessna 172 ilikuja na flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zote chini, sawa kabisa, ila kwa mwendo wa nodi 75 badala ya 65. Uwanja wetu uko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali hewa ni nyepesi, hivyo hata nodi 65 za kwenye kipimo, ardhini zinapita 70. Ndege yenye mwendo wa ziada haikai. Ikaelea juu ya lami, ikaelea tena.

"Ngoja! Usisukume!" Afande, mkufunzi wetu mstaafu wa jeshi, alimwambia redioni.

Kijana akasukuma usukani. Gurudumu la mbele likagusa kwanza, na kishindo cha kutua ni kazi ya yale mawili ya nyuma. Pua ikaruka. Akaisukuma tena, ikaruka juu zaidi, maana mkono huchelewa: kila anaporekebisha, ndege imeshageuka upande mwingine. Dawa wanaikariri wote: kaba, yaani nguvu ya injini, mpaka mwisho, pua ishikwe palepale, flapu zipandishwe hadi nyuzi 20, zunguka uje upya.

"Kaba! Paa!" Afande alinguruma hadi korongo wa jalalani waliokuwa juu ya karakana wakatii, wakapaa wote. Ndege haikutii.

Mguso wa tatu ukavunja mguu wa mbele, propela ikachimba lami. Kijana akafunga mafuta, akazima swichi kuu, akatoka bila mkwaruzo.

"Fundi, propela ikinyooshwa, jioni naruka?"

Hainyooshwi kwa nyundo, mdogo wangu. Propela ikigonga chini, injini nzima hufunguliwa hata kama bado inawaka: krankshafti inayoizungusha propela, gia ya nyuma yake, na bolti inayoishika gia hiyo. Na ule ukuta wa bati nyuma ya injini, unapofungwa mguu wa mbele, ulikuwa umejikunja. Huwa nauchungulia hapo kwanza rubani akiniambia ametua "kawaida tu".

Jioni akajaza kitabu chake: kutua, 3. Karani wa uwanja, anayetoza ada kwa kila kutua, akachungulia, akavuta kitabu cha risiti. Kijana akaikata ile 3 upesi, akaandika 1.

Afande akachukua kalamu, akaikata na hiyo 1.