Nilitongoza Furushi

Haya, mmeshinda. Tangu Ijumaa jioni simu yangu inalia kama mbuzi aliyefungwa juani, na kila mtu ana swali lile lile: eti ni kweli nilitongoza furushi? Kuna rafiki yangu wa steji ya boda (simtaji, bado namdai) amesambaza sauti WhatsApp akidai niliendesha hivyo hivyo mpaka Nagongera. Nagongera! Kutoka Tororo mjini! Ilikuwa kilomita 1 na nusu. Ikizidi sana, 2.

Mnaonijua mnajua yaliyonileta huku. Miaka 9 nilikaa Kampala nikihesabu pesa za watu, kiti cha kuzunguka, feni yangu mwenyewe. Siku moja wakatuita chumbani mmoja mmoja wakatushukuru sana. Nyie mlio makazini, bosi akianza kukushukuru sana, tafuta boksi. Nikarudi kwa mama na godoro, ile feni na suti 3, akiba yote ikageuka pikipiki, Boxer nyekundu. Hii ni wiki yangu ya 6 barabarani. Stejini wananiita Mhasibu.

Mjomba wangu alikuwa akivusha watu kwa baiskeli pale mpakani Malaba, zamani neno boda, yaani "border", lilipokuwa bado linanuka mpaka. Alivusha watu, magunia, hata mbuzi, na hakupoteza hata mmoja. Likumbukeni hilo, linakuja.

Sasa kuna dada wa cherehani. Naye alirudi, yeye kutoka Nairobi, biashara ilipomfia mikononi, akaanza upya na cherehani 1 barazani karibu na soko. Kila Ijumaa namchukua yeye na vitambaa vyake. Nilikuwa nimemwambia niko likizo, pikipiki ni ya kujinyoosha tu. Likizo ya wiki 6, saa 12 asubuhi mpaka usiku, mvua na jua. Hakuwahi kuniuliza swali. Ana adabu.

Ijumaa mzigo ulikuwa mkubwa: furushi la vitenge, refu kama mtoto wa darasa la tatu, limefungwa kwa mpira kwenye keria nyuma yake. Tukafika kwenye reli. Mbele yetu lori la saruji lilikuwa linavuka kwa maringo kama bibi harusi, nikapunguza mwendo karibu kusimama. Nikasikia sauti nyuma. Na mimi nilikuwa nimevaa ile helmeti ya bei mbaya, inayoziba masikio kama mto. Yeye alisema, "Simama kidogo!" Kiatu kilikuwa kimedondoka. Mimi nikasikia, "Sema kidogo."

Sema kidogo! Jamani, mtu wiki 6 unatafuta pa kuanzia, na mwenyewe anakwambia sema!

Lori likapisha. Nikaipandisha pikipiki relini, ikaruka, na papo hapo kitu laini kikaniegemea mgongoni. Laini, tena cha moto. (Furushi lilishinda juani, lilikuwa na joto la binadamu kabisa. Acheni kucheka.) Nikajua ameniwekea kichwa.

Basi nikasema. Nikasema kwa sauti, maana upepo ulikuwa mwingi. Nikamwambia sipo likizo, nilifukuzwa. Nikamwambia usiku wa kwanza kwa mama nililia nimekumbatia feni. Nikamwambia siku aliyonipunguzia suruali, akanipima kiuno na pini mdomoni, ndiyo siku niliyoacha kutuma maombi ya kazi Kampala. Mama muuza mahindi akanipungia mikono yote miwili. Nikampungia. Watoto wakanikimbilia wakipiga kelele. Nikasema moyoni, hata mji umefurahi.

Nikaingia stejini. Watu kama 10, wamekaa juu ya pikipiki zao. Nikazima injini, lakini sauti yangu ilikuwa bado iko barabarani. "Sitaki unijibu kwa mdomo," nikapaza. "Kama moyo umekubali, nifinye bega."

Kimya.

"Mara 1 tu, dada yangu."

Kimya. Mtu mmoja akaacha kutafuna chapati. Nikaona nyuso zao zote zinatazama nyuma yangu, kisha zinanitazama mimi, kisha nyuma yangu tena. Nikapeleka mkono nyuma taratibu, kwa heshima, nikaupapasa mkono wake. Nikashika fundo la mpira.

Mwenyekiti wa steji akashuka kwenye pikipiki yake, akaja, akainama, akaliuliza furushi: "Nyabo, mbona hujibu?"

Mtu alihesabu mamilioni ya watu, akashindwa kuhesabu abiria 1.

Mengine mmeyasikia: alifika na boda ya steji jirani, kiatu mkononi, akachukua vitenge vyake, akaondoka. Nauli sikudai. Jumamosi nilijificha nyumbani, mama akanipikia uji kama mgonjwa.

Leo asubuhi nimerudi stejini nimeinamisha kichwa, nikasikia vicheko vinakatika ghafla. Ni yeye.

"Hotuba yako nimeletewa na watu 3," akasema, "na kila mmoja ana yake. Ya feni ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

Akapanda. Akaniambia nivae helmeti ila kioo nikiache wazi. Halafu akaikamata shati yangu mgongoni, akaivuta kama anayepima kitambaa. "Mimi hapa," akasema. "Haya, sema."

Mpaka tunafika sokoni sikukumbuka hata neno 1.