Wiki kumi za likizo na kupe wa masika

Julai ikifika, mabasi hushusha hapa Tabora vijana wenye gambuti mpya na makoti meupe yaliyokunjwa kwa uangalifu wa mama. Ni wanafunzi wa tiba ya wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro, wameletwa fildi na likizo ndefu: majosho, machinjio, chanjo za kuku. Siku hizi wapo wanaoniuliza: "Daktari, fildi ya kuogesha ng'ombe itanisaidia nini? Si bora nifanye utafiti?"

Wanajilinganisha na wenzao. Marekani, mwanafunzi wa fani hii anaweza kutumia wiki kumi hadi kumi na mbili za kiangazi cha kwao katika maabara, chini ya msimamizi, akilipwa posho. Mpango mmoja mkubwa unadhaminiwa na kampuni ya dawa za wanyama, Boehringer Ingelheim. Kwa nini sisi tusiwe nao?

Hoja ya wanaotaka ina uzito. Masomo ya miaka mitano yanaweza kumpa mtu majibu mengi bila swali hata moja aliloliuliza mwenyewe. Huku kwetu ng'ombe mwenye homa na tezi zilizovimba huitwa wa ndigana kali papo hapo, anachomwa sindano, basi. Aliyewahi kufanya utafiti atataka kwanza slaidi na hadubini. Wala hahitaji kupanda ndege, maana Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo hapa hapa Tabora.

Wasiwasi wangu uko kwenye kalenda. Kupe wa kahawia wa masikioni, anayeeneza ndigana kali, hufuata mvua, na mvua zetu huanza Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Kupe wakubwa hujaa wakati huo, mwanafunzi akiwa darasani. Anapokuja Julai anakuta zaidi kupe wachanga, ambao jicho lisilozoea huwapita, na anaweza kuandika kwa nia njema kabisa kwamba kijiji fulani hakina shida kubwa ya kupe. Takwimu zake ni sahihi, ila ni za kiangazi tu.

Kwa ndorobo, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, hali hugeuka. Maji na malisho yakikauka, wafugaji husogeza mifugo kuelekea Mto Ugalla, na mbung'o nao wamejibanza kwenye kivuli cha miti ya kando ya mto. Huo ndio wakati wa kupima damu, na likizo inaangukia hapo hapo. Lakini sehemu ya Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, na mfugaji aliyepitiliza mpaka hatamwambia mgeni mwenye daftari ng'ombe walilala wapi. Anaogopa faini. Hapo bwana mifugo wa kata, anayejuana na watu, ana faida kuliko mashine yoyote.

Wanaonipinga hunitajia Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma: si Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, alianza bila hata shahada? Kweli. Alifika Julai 14, 1960. Lakini hesabu wiki kumi kutoka siku hiyo, utaishia Septemba. Goodall alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwa jani Novemba. Angekuwa mwanafunzi wa likizo, angekuwa ameshafunga mizigo. Na ule utafiti uliotangazwa 2009, kwamba virusi vya SIV, jamaa wa VVU, huwaua sokwe wa Gombe kwa ugonjwa unaofanana na UKIMWI, ulitegemea vinyesi na mizoga iliyokusanywa kwa miaka.

Hata hivyo, Gombe hiyo hiyo inanizuia kukataa kabisa. Katika kazi ya miaka kuna mengi ya kufanywa ndani ya wiki kumi: kupanga sampuli, kusoma slaidi, kulinganisha kinyesi cha mbuzi wa kijijini na cha sokwe. Mwanafunzi akiingia kwenye kazi inayoendelea, hata miezi miwili yake inabaki. Akija na swali lake peke yake na kuondoka nalo, amepata cheti. Mfugaji amepata nini? Mzee mmoja alinikataza kumchoma ndama wake kwa sababu waliotangulia walichukua damu na hawakurudi. "Mwanangu, majibu ya wale wa mwaka juzi unayo?" Sikuwa nayo.

Kwa hiyo fildi ya josho isifutwe, iongezewe daftari. Kijana ahesabu kupe kwenye ng'ombe wale wale kumi kila wiki, kisha akiondoka amkabidhi bwana mifugo aendelee hadi Aprili. Tatizo ni kwamba posho ya utafiti, ikipatikana, humlipa kijana wa Julai. Bwana mifugo wa Januari, anayesukuma pikipiki kwenye tope, hayumo kwenye bajeti.