Wamemuuza Bane, Mimi Nimebaki na Jezi

Fundi ninayempelekea jezi Kariakoo anatoza kwa herufi. Namba ni bei moja, iwe tarakimu moja au mbili, ila jina ni herufi kwa herufi, na mfuko wangu mnaujua, kwa hiyo mwaka 2024 nilipoamua kuandikisha jezi ya Memphis Grizzlies, timu yangu ya kikapu ya ligi ya NBA kule Marekani, nilikaa chini nikapiga hesabu kama mtu anayenunua mabati. Jackson herufi saba, halafu yule ana "Jr." nyuma, fundi akaniambia hata nukta inalipiwa. Morant sita. Bane nne. Nikasema basi Bane, namba 22, kijana mtulivu, anatupia pointi tatu vizuri, hana makuu, huwezi kumsikia kwenye habari za ajabu ajabu, mtu wa hivi haondoki leo wala kesho.

Kaondoka.

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 nipo kibarazani na jezi yangu, namenya chungwa, dogo mmoja tunayefuatiliaga naye kikapu akanitumia meseji ya maneno mawili tu: "Bane kaondoka." Sasa wewe Mswahili ukiandikiwa hivyo unaelewaje? Nilisimama, chungwa likaanguka, nikasema inna lillahi, mke wangu akatoka ndani mbio na mwiko mkononi akiuliza nani tena. Nikamwambia Desmond Bane. Akaniuliza wa Mbagala? Nikamwambia wa Memphis. Akaniangalia, akaangalia chungwa chini, akarudi jikoni bila kusema neno, na mnajua mwanamke akirudi jikoni bila kusema neno maana yake maneno yapo mengi ila anayatunza.

Kumbe hajafa, kauzwa Orlando Magic. Bora angekuwa kauzwa kwa hela, maana hela unaiona, tatizo ni walichopewa. Wamepewa Kentavious Caldwell-Pope, ana pete zake mbili za ubingwa simkatai, ila ana miaka 32, na lile jina lake la mgongoni ni herufi 12 na kistari katikati, mimi kumwandikisha yule mpaka niuze kiwanja. Wakapewa na Cole Anthony, huyo hata chai hakunywa, Julai iliyofuata wakamlipa wakamalizana naye akaenda zake. Vingine vyote ni piki. Piki nne za raundi ya kwanza na ruhusa ya kubadilishana nyingine moja mwaka 2029.

Kosa langu likawa kwenda kuyaeleza haya kijiweni kwenye kahawa. Msimu wenyewe huu Juni mpaka Agosti watu wote wanaongea usajili wa Simba na Yanga, nani kashuka eapoti usiku, nani kapiga picha na skafu, na mimi na uchungu wangu nikaona niingie humo humo, nikasema jamani hata sisi Memphis tumeuza. Mzee mmoja kwa heshima akaniuliza mmepata shilingi ngapi? Nikamwambia mzee wangu shikamoo tena, hatujapata hela, tumepata piki nne. Dogo wa bodaboda akainuka kabisa kwenye benchi: pikipiki nne? Za mafuta au za umeme?

Ikabidi nielekeze. Piki ni zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi, kila mwaka wanapanga foleni, timu zilizofanya vibaya zinapewa nafasi kubwa ya kuchagua mwanzoni, wazuri wanachagua mwishoni. Mzee akaweka kikombe chini. Akasema ngoja kwanza mwanangu, yaani ukishika mkia unapewa zawadi? Nikasema ndiyo mzee. Akasema huku ukishika mkia unashuka daraja na mwenyekiti anatafutwa na wanachama, huko kwenu mtu anafungwa halafu anapewa wa kwanza kuchagua, hiyo ligi au harambee? Sikuwa na jibu, na kusema ukweli miaka yote hii sijawahi kuwa nalo.

Nikaendelea kujichimbia. Nikawaambia moja ya hizo piki ni ya 2030. Hapo kijiwe kizima kikanyamaza. Binti yangu yuko darasa la pili, hiyo 2030 ataonekana kavaa sketi ya sekondari, na huyo mchezaji tuliyemtolea Bane saa hizi ni mtoto wa miaka kumi na nne hivi, yupo mahali Marekani anagombana na mama yake asioshe vyombo, hajui kama mimi huku Temeke namsubiri. Mwalimu mmoja mstaafu akasema hii watu wa zamani walishaisema, ni kununua mbuzi kwenye gunia. Dogo wa boda akasema hapana mwalimu, mbuzi kwenye gunia angalau unamsikia analia.

Mnaweza kusema si uhame timu. Mimi nimeingia Memphis kwa uzalendo, na ukiingia kwa uzalendo huna mlango wa kutokea. Mwaka 2009 nipo kidato cha nne, Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar, futi saba na inchi tatu, kachaguliwa wa pili, WA PILI, dunia nzima mbele yake Blake Griffin peke yake, na waliomchagua ni Memphis. Mtanzania wa kwanza NBA! Shuleni tulitembea vifua mbele wiki nzima kama vile tumechaguliwa wote. Mimi ambaye nilikuwa nacheza kikapu kwa kusukumwa tu kwa sababu ya urefu nikaanza kuota nazungumza Kiingereza na waandishi wa habari.

Sasa wa tatu alikuwa nani? James Harden. Wa saba nani? Stephen Curry. Huyo huyo, pete nne. Hasheem nampenda mpaka kesho, aliyefika kule kafika, wewe na mimi hatujafika hata Chalinze kwa mpira, lakini mambo hayakwenda, msimu wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ndogo, Februari 2011 wakamhamishia Houston. Kilichonishangaza ni kwamba Hasheem kaondoka, mimi nimebaki. Wenzangu wote wa shule walihama siku ile ile, leo wanashangilia Curry bila hata aibu, mimi niko na timu inaitwa dubu ambayo jina lenyewe ilikuja nalo kutoka Vancouver mwaka 2001, na huko Tennessee dubu wa aina hiyo hayupo. Yaani tunafanana, mimi na wao, wote tumevaa kitu kisichotuhusu.

Na kuwa shabiki wa kikapu ukiwa Dar si mchezo. Mechi ya Memphis nyumbani kwao saa moja jioni, kwetu ni saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao, wakibadilisha saa inakuwa tisa. Adhana inanikuta robo ya tatu. Mwaka 2025 kwenye mchujo wamekutana na Oklahoma City, mechi ya kwanza Jumapili ya Pasaka wamefungwa 131 kwa 80, tofauti ya pointi 51, pilau ilinikwama. Hiyo niliimeza. Ila mechi ya tatu sitaisahau. Nimeamka alfajiri, nimejifunika khanga kichwani na simu ili mwanga usimwamshe mke wangu, nusu ya kwanza inaisha Memphis 77, wao 51. Nilitaka kupiga kelele nikang'ata khanga. Robo ya tatu inataka kuanza, bando likakata. Nikajisemea hakuna shida, ishirini na sita hizi hata wangecheza na kandambili hazirudi, nikaoga, nikapanda daladala, na kwa kiherehere changu nikamtangazia konda, nikamtangazia na mama aliyekaa pembeni na ndoo ya samaki, kwamba leo tumeshinda. Nafika kazini nashika waya wa intaneti ya ofisi: 114 kwa 108. Tumefungwa. Na Ja Morant, aliyeumia kabla ya mapumziko, hakurudi tena. Yule mama wa samaki mpaka leo najua nimemdanganya. Wakatolewa 4 bila.

Halafu kumbuka kocha Taylor Jenkins walimfukuza zikiwa zimebaki mechi tisa tu msimu kuisha. Tisa! Hata mpangaji anayedaiwa kodi unamwachia mwezi uishe. Wakamweka Mfini, Tuomas Iisalo, jina ukilisoma haraka unadhani ni kituo cha basi njia ya Mbeya. Ila huyo sina neno naye, kule Paris alichukua kombe la Ulaya la EuroCup 2024, tumpe muda.

Sasa madogo. Hapa ndipo ninapopatikana, maana hawa viongozi wanajua ugonjwa wangu, wakishaniuzia mtu ninayempenda wananionyesha kitoto kipya na mimi nasahau. Ile piki ya 16 iliyotoka Orlando, wakaichukua na ile ya 2028, wakaongezea mbili za raundi ya pili, wakawapa Portland, ili wapande mpaka nafasi ya 11 wamchukue nani? Cedric Coward. Coward, kwa Kiingereza mwoga. Tumetoa mali yote hiyo kumfuata Mwoga. Kijiweni nilicheleweshwa nusu saa kwa hilo jina, mpaka mwalimu mstaafu akaja kuniokoa, akasema jina la ukoo la hivyo kwa Waingereza asili yake ni mchunga ng'ombe, halina uhusiano na woga. Dogo wa boda akasema basi sawa, mmeuza ng'ombe mkanunua mchungaji.

Lakini nimemfuatilia huyo dogo, na, dah, nimeanza kumpenda. Katoka chuo kidogo kabisa cha daraja la tatu, akapanda Eastern Washington, akapanda Washington State, huko akacheza mechi sita bega likamgomea, na bado watu wakamwona. Hiyo ni safari ya mtu aliyeanzia mlango wa nyuma. Na Memphis hao, pamoja na makelele yangu yote, kwa kuokota vitu vilivyoachwa mezani wana jicho. Bane mwenyewe alichaguliwa wa 30 mwaka 2020. Jaylen Wells wa 39 mwaka 2024, na bado kaingia kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya bora. GG Jackson wa 45, akafunga 44 mechi moja akiwa na miaka 19. Hao ni watu waliookotwa kama mtumba wa Karume asubuhi, wewe umechelewa kuamka mwenzio kashachagua shati zuri.

Shida ni miguu. Hii timu si ya kupeleka uwanjani, ni ya kupeleka wodi ya mifupa. Wells alivunjika kifundo cha mkono Aprili 2025. Jackson yule wa "Jr." walimwongezea mkataba mwaka huo huo, watu wakataja dola milioni 240, kwa shilingi piga bilioni 600 hivi, Julai akafanyiwa upasuaji wa kidole gumba cha mguu. Bilioni 600 na kidole kinauma! Mimi nikijikwaa kidole napaka mafuta ya taa naenda kazini. Morant msimu wa 2024/25 alicheza mechi 50 katika 82, na huo tunasema ulikuwa mwaka mzuri kwa sababu ule wa kabla yake alicheza 9.

Na Zach Edey. Huyu ni udhaifu wangu. Mkanada, futi saba na inchi kama nne, kaanza kikapu ukubwani kama Hasheem, na Memphis wakamchukua kama walivyomchukua Hasheem, wa tisa mwaka 2024, na watu wakacheka kama walivyocheka. Ila huyu hajaanguka, msimu wa kwanza tu naye kaingia kile kikosi cha wapya bora. Kila akidaka mpira chini ya goli mimi narudi kidato cha nne. Juni 2025 akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu. Wa kushoto, wa kulia, sijali tena, mimi nahesabu majeruhi kama mama ntilie anavyohesabu sahani.

Sasa jana nikasema liwalo na liwe, nikabeba jezi nikaenda kwa fundi. Nikamwambia toa Bane, weka Edey, namba 14. Fundi akaipindua jezi, akaigusa mgongoni na kucha, akanyamaza kidogo, akasema kaka, E ya mwisho hii bado nzima, naweza kukutumia pale mbele, utalipia herufi tatu. Nikaona Mungu si Athumani. Kaja na pasi, kaja na kisu, kabandua B, A, N, ila gundi imegoma kutoka yote, akanishauri nisikae nayo sana juani.

Nimelipa, nimeivaa, nafika nyumbani mke wangu kanigeuza mgongo kwenye mwanga wa mlangoni akaisoma taratibu, maana kweli yale ya zamani yanaonekana kwa chini. Akaniuliza na huyu mpya anacheza lini? Nikamwambia akipona. Akarudi jikoni.