Marekani ilipanda kwa bunduki au kwa jora la merikani?

Huu ubishi nimeukuta vijiweni miaka nenda rudi. Mmoja anakwambia Marekani imekuwa kubwa kwa sababu ya kupiga watu na kupora ardhi basi, mwingine anasema hapana bwana, wale ni watu wa viwanda na biashara, vita imekuja baadaye wakiwa tayari na hela zao. Mi naona wote wana hoja, ila kila mtu anaanza hadithi pale panapomfaa.

Tuanze na bunduki maana hapo hakuna pa kujificha. Mwaka 1846 Rais James Polk alikuwa anaitolea macho California, alishajaribu kuinunua, Mexico ikagoma. Akasogeza jeshi mpaka mto Rio Grande, eneo ambalo Mexico walisema ni lao, risasi zikalia, akaenda Bungeni kulalamika kwamba damu ya Wamarekani imemwagwa kwenye ardhi ya Marekani. Sasa kulikuwa na mbunge mgeni kutoka Illinois, jina lake Abraham Lincoln, Desemba 1847 akataka aoneshwe hapo mahali penyewe damu ilipomwagika ni wapi hasa. Polk akakausha. Na Ulysses Grant, ambaye alipigana vita hiyo akiwa ofisa kijana na baadae akaja kuwa jenerali na rais, aliandika uzeeni kwamba ilikuwa moja ya vita za dhuluma kubwa kabisa ambazo taifa lenye nguvu limewahi kumpigia mnyonge. Yani ukitaka kuthibitisha uporaji huhitaji shahidi wa Mexico, wenyewe wameshasema.

Mexico ikapigwa, mkataba wa kumaliza vita ukasainiwa mji wa Guadalupe Hidalgo tarehe 2 Februari 1848. Aliyesaini kwa upande wa Marekani, Nicholas Trist, alikuwa ameshaitwa na Polk arudi nyumbani, akagoma kuondoka, akamalizia dili kibishi hivyohivyo. Marekani ikalipa dola milioni 15, na ukijumlisha na Texas iliyokuwa imeondoka kabla, Mexico ikawa imepoteza zaidi ya nusu ya nchi. Siku 9 tu kabla ya hapo, fundi mmoja anaitwa James Marshall alikuwa anakagua mfereji wa kiwanda cha kupasua mbao huko California, akaona vitu vinang'aa kwenye maji, kuokota, dhahabu. Pale mezani hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

Ila wale wa upande wa pili nao wana swali gumu: kama ardhi ndo siri, mbona Hispania iliikalia Mexico miaka 300 na haikuwa Marekani? Urusi ilijitanua mpaka ikavuka bahari, mwaka 1867 ikaishia kuiuza Alaska kwa dola milioni 7.2. Halafu kipande kikubwa kuliko vyote, Louisiana, mwaka 1803, hakikupiganiwa kabisa, kilinunuliwa, tena kwa dola milioni 15 hizohizo. Hapa lakini ukichungulia vizuri unakuta vita ipo, tena sio ya Marekani. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliuza kwa sababu jeshi lake lilikuwa limeteketea Haiti, kwa homa ya manjano na kwa mikono ya watu waliokuwa watumwa juzi tu, na vita na Uingereza ilikuwa inabisha hodi anahitaji hela. Vita vya panzi, neema ya kunguru. Na kejeli yake inauma, watumwa wa Haiti wanajikomboa, matokeo yake Marekani inapata ardhi mpya ambayo sehemu yake inageuzwa mashamba ya pamba yanayolimwa na watumwa.

Hiyo pamba tunaijua sisi. Neno merikani, ile nguo ya pamba nzito isiyopaushwa, limetokana na wao. Mwaka 1833 Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said, 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, akafika Zanzibar, meli zikawa zinaleta majora ya merikani na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Wapagazi wakalibeba jora kichwani mpaka Tabora na Ujiji, hongo kwa watemi wa Ugogo ikalipwa kwa merikani, kwa kifupi ilikuwa pesa. Mwenye kusema Marekani ilikua kwa biashara anaweza kulishika jora hilo kama ushahidi. Sawa, lakini pamba ililimwa wapi? Georgia, Alabama, Mississippi. Sheria ya 1830 iliwaondoa Wahindi Wekundu kwenye maeneo hayo, Wacherokee kama 16,000 wakaswagwa kwenda magharibi mwaka 1838, inakadiriwa 4,000 walikufa. Kwa hiyo jora ni biashara, na ndani yake bunduki imo, mi sijui unazitenganishaje.

Vita ya 1898 na Hispania naipita haraka. Wenye hoja ya bunduki wanaipenda sana ila naona inawasaidia kidogo. Ufilipino ilinunuliwa toka kwa Hispania kwa dola milioni 20 wakati kiongozi wa huko, Emilio Aguinaldo, ameshatangaza uhuru, ikazaa vita ya miaka mitatu, makadirio yanayotajwa sana ni raia 200,000 waliokufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Faida ilikuwa bandari za kijeshi. Utajiri ulikuwepo kabla, kufikia miaka ya 1890 uchumi wao ulikuwa umeshawapita Waingereza, wakati jeshi la nchi kavu mwaka 1890 halikufika hata watu 30,000.

Ndo maana mi mwenyewe naegemea hapa: ardhi waliipata kwa kupiga wanyonge, lakini kiti cha ukubwa wa dunia walikipata kwa kuwakopesha wakubwa wakati wanapigana. Mwaka 1914 Marekani ilikuwa inadaiwa na Ulaya, Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha Ulaya ndo inadaiwa. Septemba 1940 Uingereza imebanwa kooni na Hitler, Marekani inaipa manowari 50 kuukuu, inachukua haki ya kuweka kambi kwenye maeneo yaliyokuwa chini ya Uingereza kuanzia Newfoundland mpaka Karibiani kwa miaka 99. Baada ya vita ikaja mikopo ya kujengea nchi, na deni hilo Waingereza walimaliza kulilipa mwishoni mwa Desemba 2006. Tony Blair ndo alikuwa waziri mkuu, na askari wake walikuwa Iraq, wamewafuata Wamarekani vitani.